Siku Nilipompelekea Visheti Michael Jackson



Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike machache juu ya maisha ya watoto wa Kizanzibari tuliolelewa London katika miaka ya sabini. Madrasa za Jumamosi, harusi za kwanza zilizofanyika ugenini, na taabu za wazee wetu kutafuta nyama ya halali, hayo yote yamekwisha kuelezwa humu na watu walionizidi kwa umri na kwa elimu. Mimi nitaeleza jambo ambalo wajukuu zangu hawachoki kuniuliza, na ambalo wakubwa wa wakati ule waliliona kuwa ni upuuzi mtupu. Nitaeleza vipi mtoto wa miaka 13 alimpenda mwimbaji wa Kimarekani, na vipi alikuja kumwona uso kwa uso mwezi wa Novemba 1972.

Isidhaniwe kwamba mapenzi ya namna hii yameanza na sisi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo zake, santuri zile zilisikilizwa mwambao mzima, na bibi zetu walimtaja kama anavyotajwa jamaa wa karibu. Mama zetu nao walijazana Majestic na Empire, katika maonyesho ya wanawake watupu, kumtazama Raj Kapoor, wakarudi majumbani na nyimbo za Kihindi midomoni ambazo maana yake hawaijui. Na Alkhamisi ya kwanza ya mwezi, Umm Kulthum alipokuwa akiimba kutoka Cairo, nyumba nyingi za Mji Mkongwe hazikulala mapema. Kila kizazi na kipenzi chake. Tofauti yetu sisi ni kwamba kipenzi chetu alikuwa mtoto kama sisi.

WATOTO WA GARY

Tulifika Uingereza mwaka 1967, mimi nikiwa na miaka minane. Baba, aliyekuwa karani huko nyumbani, alipata kazi ya zamu ya usiku katika posta, ya kupanga barua. Mama alishona nyumbani, akilipwa kwa kuhesabiwa vipande. Tulikuwa watu sita katika vyumba viwili, na mita ya gesi ilikula sarafu kuliko sisi tulivyokula mkate.

Skuli, katika darasa letu, tulikuwa weusi wawili tu. Mwaka 1972 wasichana wenzangu walikuwa wamegawanyika kama watu wa Simba na Yanga. Wengine walikuwa wa Donny Osmond, ambaye wimbo wake "Puppy Love" ulikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tano kiangazi kile, na wengine walikuwa wa David Cassidy. Walikata picha zao magazetini, wakazibandika kwenye madaftari na kuzibusu mbele ya mwalimu. Swali la kila Jumatatu lilikuwa moja, "Na wewe, wako nani?" Nilikuwa sina jibu, kwani nilipozitazama zile nyuso nzuri za nywele laini, sikuona mahali pa kuingia.

Ndipo akaja Michael Jackson na kaka zake. Wasomaji vijana wanamjua Michael wa baadaye, lakini huyu ninayemsema mimi alikuwa mtoto, amezaliwa Agosti 1958 katika mji wa viwanda wa Gary, jimbo la Indiana. Baba yake, Joe, alikuwa akiendesha winchi katika kiwanda cha chuma, na watoto tisa wa nyumba ile walilelewa katika kijumba cha vyumba viwili vya kulala. Nilipolisoma hilo katika gazeti la vijana nilisema moyoni, "Kumbe kama sisi!" Kampuni ya Motown iliwachukua ndugu watano mwaka 1969, yaani Jackie, Tito, Jermaine, Marlon na Michael, wakaitwa Jackson 5. Nyimbo zao nne za mwanzo katika kampuni hiyo, "I Want You Back", "ABC", "The Love You Save" na "I'll Be There", zote zilishika nafasi ya kwanza Marekani katika mwaka mmoja, 1970.

Nilibandika picha yake. Sikuibandika ukutani, kwani Mama asingekubali sanamu ya mtu katika chumba kinachosaliwa. Niliibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo, nikawa naufungua mlango ule mara nyingi kuliko nguo nilizokuwa nazo. Mama aligundua baada ya wiki mbili.

"Nani huyu?"

"Mwimbaji, Mama."

"Anaimba nini?"

Wakati huo wimbo wake mpya ulikuwa "Ben", uliotengenezewa filamu ya jina hilo hilo, na mimi, kwa kuwa nilifundishwa kusema kweli, nikamweleza kwamba ni wimbo wa mtoto mpweke aliyefanya urafiki na panya.

"Panya?" Mama akakaa kitako kitandani. "Mtoto wa watu anamwimbia panya? Hana ndugu?"

"Anao wengi, Mama."

Akaitazama tena ile picha, akatikisa kichwa, akafunga mlango wa kabati. Lakini hakuibandua.

VIWANJA VIWILI VYA NDEGE

Ili nieleweke ni lazima niwakumbushe hali ya Uingereza katika miezi ile. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wa Uganda waondoke kwa muda wa siku 90. Ndege ya kwanza ya waliokuja Uingereza ilitua Stansted tarehe 18 Septemba, na hata ulipomalizika muda ule, tarehe 8 Novemba, waliofika walikuwa watu 27,000 na ushei. Wachukuzi wa soko la nyama la Smithfield waliandamana kupinga kuja kwao. Baraza la mji wa Leicester lilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwataka wasiende huko.

Baba alilisoma gazeti kila asubuhi arudipo kazini, akilikunja polepole, kwani sisi tulikuwa tumekwisha kuipita njia hiyo. Wengi kati ya wale waliokuwa wakionekana kwenye televisheni, na masanduku yao na watoto wao waliovikwa makoti ya kupewa, walikuwa wakisema Kiswahili kama sisi. Skuli pia mambo yalibadilika. Msichana niliyekuwa nikigawana naye penseli aliniuliza, bila ya ubaya wowote usoni, kama na sisi tutarudishwa kwetu.

Basi mwishoni mwa Oktoba, Ramadhani ikiwa katika kumi la mwisho, ndugu wa Jackson walitua Heathrow. Walikuwa wamekuja kwa ziara yao ya kwanza ya Ulaya, na tarehe 30 Oktoba waliimba katika lile onyesho la kila mwaka linalofanywa mbele ya jamaa ya kifalme. Wasichana walifurika uwanja wa ndege wakilia na kupiga makelele, wakawavuta nguo na nywele, polisi wakawa hawana la kufanya.

Ndugu zangu, fikirini. Mwaka mmoja, mji mmoja, viwanja viwili vya ndege. Kwenye kimoja watu wa rangi walipokelewa na wengi kwa mashaka na mabango. Kwenye kingine watoto watano weusi, wenye nywele za afro kubwa kama vikapu, walipokelewa na mabinti wa Kizungu waliokuwa wakizimia kwa mapenzi. Mimi sikuwa na maneno ya kulieleza jambo hilo, nilikuwa na miaka 13. Nilijua tu kwamba Jumatatu iliyofuata, alipouliza mtu "Na wewe, wako nani?" nilijibu kwa sauti, na wasichana wawili wa kundi la Donny wakaniuliza kama nywele zangu zikiachiwa zitasimama vile.

AMRI YA BABA

Onyesho lao la London lilikuwa Jumapili, tarehe 12 Novemba, katika ukumbi wa Empire Pool, Wembley. Idi ilikuwa katikati ya wiki ile ile, kwa hivyo pesa za sikukuu zilikuwa mkononi. Nilizihesabu, nikaziongeza na za kaka yangu ambaye aliniuzia huruma yake kwa riba kubwa, nikaona zinatosha tikti.

Baba alisema hapana.

Hakugomba. Alisema tu, "Binti hatoki usiku kwenda kukanyagwa." Nililia Idi nzima, na nguo yangu mpya ikapata madoa ya machozi. Leo nikiwa bibi nasema mzee yule alikuwa na macho ya mbali. Oktoba 1973, mashabiki walipokuwa wakiwangoja Osmonds pale pale Heathrow, ukuta wa roshani ulianguka na wasichana kadhaa wakaumia. Na Mei 1974, katika onyesho la David Cassidy katika uwanja wa White City, watu walisongamana hata msichana wa miaka 14 akapoteza maisha yake siku chache baadaye. Wasichana wale hawakuwa wahuni. Walikuwa watoto wa watu, waliopewa kitu cha kupenda na wafanya biashara ambao hawakufikiria milango ya kutokea.

Faraja ilitoka kwa Ami, mdogo wake Baba. Alikuwa akifanya kazi katika jiko la hoteli moja kubwa ya katikati ya mji, ya kuosha vyombo kwanza na kisha ya kupeleka vyakula vyumbani. Alipokuja kutupa mkono wa Idi alinikuta nimevimba macho, akauliza kulikoni, kisha akacheka. Wale watoto, akasema, watashukia hoteli yake.

Nilidhani Mama atalikata jambo hilo pale pale. Badala yake aliweka sindano chini.

"Yule mdogo naye hufanya kazi usiku?"

"Usiku, shemegi. Na mchana hupigwa picha."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na nne."

"Mama yake yuko wapi?"

Ami akasema baba yake alimwona walipokuja mara ya kwanza, lakini mama yake hakubahatika kumwona. Mama akanyamaza kitambo. Yeye mwenyewe alikuwa amemwacha mama yake Unguja, na barua huja moja kwa miezi mitatu. Kisha akainuka, akalichukua kopo la biskuti lililokuwa tupu, akatandika karatasi ndani yake na kulijaza visheti na vileja vya Idi mpaka kifuniko kikakataa.

"Mtoto wa watu yuko safarini," akasema. "Na wewe huendi kwa mtu mikono mitupu."

Baba alitutazama sote watatu, mmoja mmoja. Kwa kuwa ni mchana, na kwa kuwa ni Ami, akasema tuwe tumerudi kabla ya Magharibi.

VISHETI HOTELINI

Jumapili ile tuliingia kwa mlango wa wafanyakazi, uliopo nyuma, penye mapipa ya taka. Mbele ya hoteli wasichana walikuwa wamejaa barabara nzima wakiita majina, na sauti zao zilitufuata mpaka jikoni. Tulipita baina ya mvuke na masufuria, tukapanda lifti ya mizigo pamoja na mashuka machafu. Nilikuwa nimevaa gauni langu la Idi na koti la kaka yangu. Kopo nililikumbatia kama msahafu.

Juu kulikuwa na mlinzi, pande la mtu. Ami alizungumza naye kwa adabu, akanionyesha mimi, akalionyesha kopo. Mlinzi akafungua kifuniko, akachukua kisheti kimoja akakila, akatafuna polepole huku akinitazama. Kisha akachukua cha pili. Baada ya hapo akagonga mlango.

Aliyetoka alikuwa kijana mwembamba, kimo chake kama changu, amevaa fulana ya sufi ya kawaida. Kama si zile nywele nisingemjua. Kwenye picha alikuwa akicheka wakati wote. Pale mlangoni alikuwa na macho ya mtoto aliyeamshwa kula daku, yuko macho lakini roho yake bado iko mtoni.

Nilikuwa nimejifunza maneno ya kumwambia kwa wiki nzima, na hata moja halikutoka. Nilinyosha kopo tu. Alilipokea kwa mikono miwili, na hilo Mama alilifurahia mno nilipomhadithia. Akauliza ni nini, kwa sauti ya chini hata nikalazimika kusogea. Ami akamwambia ni vyakula vya sikukuu yetu, na kwamba sisi ni watu wa Zanzibar, kisiwa cha Afrika, akaeleza kwa vidole ubavuni mwa kiganja chake upande gani wa bara kisiwa hicho kinakaa. Kijana akakitazama kiganja cha Ami kwa makini, kama mwanafunzi anayetazama ramani.

Nilikuwa na daftari langu la skuli. Akaniuliza jina. Sasa jina langu, kama mjuavyo wengi wenu, ni refu, la kimwambao khasa, na walimu wangu walikuwa wamekwisha kulikata nusu bila ya kuniomba ruhusa. Yeye aliandika herufi moja moja kama nilivyomtajia, akasimama katikati kuhakikisha, akaendelea mpaka mwisho, kisha akatia saini yake chini. Ilikuwa mara ya kwanza katika nchi ile mtu asiyekuwa wa kwetu kuliandika jina langu lote.

Sauti ikamwita kutoka ndani. Akashukuru, akaingia na kopo. Mambo yote hayo hayakufika dakika nne.

Ndani ya lifti nilianza kulia, nami sijui kwa nini. Ami akanipa kitambaa chake cha kazi. "Usilie," akasema. "Mimi na yule sote tuko zamu. Ila mimi natoka saa kumi."

Nyumbani Mama hakuniuliza kama ni mzuri. Aliuliza, "Kala?"

"Sijui, Mama. Aliitwa."

YALIYOFUATA

Miaka ilipita, nikaolewa, picha ya kabatini ikapotea katika kuhamahama. Karatasi yenye saini ipo. Mama aliitia katika mkoba wa hati za safari na vyeti vya kuzaliwa, na sikupata kumwuliza kwa nini aliona hapo ndipo mahali pake.

Mengi niliyoyaona kwa dakika nne niliyafahamu baadaye. Nilisoma kwamba watoto wale walikuwa wakisafiri na mwalimu wao, Rose Fine, aliyewafundisha njiani, na Mama aliposikia hilo alisema "Alhamdulillahi". Nilisoma kitabu chake, Moonwalk, kilichotoka 1988. Na Februari 1993, akizungumza na Oprah Winfrey katika televisheni, alieleza jinsi alivyokuwa akilia kwa upweke utotoni, na jinsi alivyomwogopa baba yake.

La ajabu ni kwamba naye alitujia kwa njia zake. Katika sahani yake ya mwaka 1987, Bad, mna wimbo uitwao "Liberian Girl", na maneno yanayousindikiza, yanayosemwa na mwimbaji wa Afrika Kusini, Letta Mbulu, ni ya Kiswahili. Watu wa Liberia hawasemi Kiswahili, lakini ni nani kati yetu aliyelalamika? Mume wangu aliusikia kwenye redio ya gari, akaegesha pembeni akidhani amesikia vibaya. Mwaka 1989 kaka yake Jermaine akasilimu. Februari 1992 Michael mwenyewe alifika Dar es Salaam, akapokewa na Rais Ali Hassan Mwinyi, akaitembelea skuli ya Sinza ya watoto wenye ulemavu wa akili. Na jamaa zetu wa Ghuba wanakumbuka kwamba baada ya kesi yake ya 2005 alikaa Bahrain kwa muda.

Sitajifanya siijui kesi hiyo. Alishitakiwa kwa mambo mazito juu ya watoto, mahakama ya California ikamwachia, na baada ya kufa kwake wapo waliosimama tena kumshitaki kwa maneno yao. Mimi si kadhi. Nilichokiona mimi ni mtoto wa miaka 14 mlangoni, na ushahidi wangu hauvuki mlango ule.

Alifariki tarehe 25 Juni 2009, akiwa na miaka 50. Wanangu walinipigia simu usiku kunipa pole, kama vile nimefiwa. Asubuhi nilikwenda kwa Mama, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuwa dhaifu, nikamwambia yule kijana wa visheti amekufa. Akasoma Innalillahi. Kisha akauliza, "Mama yake yu hai?"

Nikamwambia yu hai.

"Maskini," akasema Mama. "Mpe pole yake, ukiweza."

Wazazi mnaolea leo London, Muscat, Dubai na Toronto, watoto wenu nao wana vipenzi vyao, na picha siku hizi hazikai tena kabatini, zimo viganjani mwao. Wakatazeni mnalopaswa kukatazwa, kama Baba alivyokataza. Lakini kabla ya hapo kaeni nao kitako kitandani, muwaulize kama Mama alivyoniuliza: nani huyu, na anaimba nini?